Msalaba wa Urefu wa Kidole

Farasi hakumsumbua Elius Tweve. Farasi alikuwa ameshakamilika, amesimama juu ya meza ya karakana, urefu wake kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidoleni, mguu mmoja wa mbele kauinua kama anayesita kukanyaga matope. Alimchonga kwa mti wa mparachichi wa zamani, ule ambao jirani yake pale Mpechi aliukata ili apande miche ya kisasa ya kuuza nje. Kilichomkalisha bila usingizi wa mchana ni kitu cha urefu wa kidole: msalaba.

"Weka tu mtupu," mkewe Lidia alimwambia kutoka upande wa pili wa pazia, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Nani atasoma?"

"Daktari Nelly atasoma. Yule mama anasoma hadi vumbi."

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua. Mbele anakaa Lidia na nguo za watu, nyuma anakaa Elius na mbao. Milango, vitanda, makabati. Na majeneza pia, na misalaba ya kwenda nayo, kwa sababu Njombe nzima walijua mwandiko wa Elius haupindi. Akiandika jina la marehemu kwa rangi nyeusi, hata aliyekuwa mkorofi anaonekana kama alikuwa mtu wa maana.

Daktari Nelly alikuwa daktari wa mifugo wa Makambako. Alisomea nje, na alipomaliza masomo alirudi na sanduku la farasi wadogo wa kuchonga na kufinyanga, farasi wa kila rangi, na ugonjwa mmoja usio na dawa: kila mwaka lazima aandae maonyesho yao. Anakodi ukumbi, anaita wenye farasi, anaita na jaji. Wazungu wa mashamba ya parachichi wanakuja, walimu wanakuja, wanafunzi wa ufundi wanakuja. Mwaka huu maonyesho yaliangukia Jumamosi ya tarehe thelathini na moja Oktoba, basi akatangaza kundi jipya: farasi aliyevalishwa kwa Halowini, pamoja na mandhari yake.

"Halowini ndiyo nini, Daktari?" Elius alimuuliza siku alipopita karakanani.

"Ni siku wenzetu wanavaa kama mizimu, wanachonga maboga yenye meno, wanakitania kifo."

"Kifo kinataniwa? Hapa kwetu kinapikiwa ubwabwa."

Daktari Nelly alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akatoa masharti, na hapo hakucheka. Kila kitu kilingane na kimo cha farasi. "Nikiinama nikapiga picha usawa wa jicho la farasi, nisijue kama ni kitu kidogo. Nataka makaburi yawe makaburi. Na fundi, kaburi lisilo na jina siyo kaburi, hilo ni tuta la viazi."

Basi wakafanya kazi, mume na mke. Lidia alishona shuka la mzimu kutokana na mabaki ya magauni ya kipaimara, jeupe, lenye matundu mawili ya macho ya farasi na pindo lililochanikachanika kwa makusudi. Pindo hilo lilimuuma sana, maana tangu aanze kushona hajawahi kuchana nguo nzima. Elius alitengeneza mpanda farasi, kiunzi cha mifupa cha waya na njiti za kiberiti, akakipa mbeta ndogo ya mwanzi mkononi.

"Hiyo mbeta ya nini?" Lidia akauliza.

"Ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mzimu wa Njombe utamtoaje kwake mikono mitupu, Mama Jasmine?"

Maboga aliyachonga kwa karoti, yakatoka na meno. Udongo alichukua ule mwekundu wa nyuma ya nyumba, akauchekecha kwa kitambaa ili punje ziwe ndogo. Ukungu wa kijani uliobanduliwa mitini ukawa nyasi. Ukiinama ukatazama kwa jicho moja, ulikuwa uko makaburini kweli, asubuhi, baridi inakupiga.

Ikabaki jina.

"Nikiandika Nahumu, Nahumu yuko hapo ng'ambo anauza mbolea," Elius alisema, brashi ya unywele mkononi. "Nikiandika Yohanes, wako wangapi? Kila jina lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana mama."

"Andika la Kizungu."

"Wazungu wenyewe watakuwepo. Uone mtu ametoka kwao salama, anakuja Makambako kujikuta amezikwa."

"La marehemu kweli, basi."

"Wafiwa wakiliona?"

Lidia akaendelea kukanyaga cherehani. Elius akainama, ulimi nje kidogo kama kawaida yake, na kwa mwandiko ule ule wa misalaba mikubwa akaandika: ELIUS TWEVE. Chini yake mwaka wa kuzaliwa. Chini yake tena, kwa sababu msalaba usio na siku ya kufa hauaminiki, akaweka tarehe ya maonyesho yenyewe.

Lidia alipopitisha kichwa kwenye pazia, hakucheka.

"Futa, Baba Jasmine."

"Ni langu. Siwezi kujishitaki."

"Nimesema futa. Mama akisikia?"

Hapo ndipo Elius alipoacha kutabasamu, lakini kwa muda mfupi tu. Mama yake, Bibi Emilia, alikaa kule Matamba, ng'ambo ya Kitulo, na alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja: yeye. Aron, mkubwa wao, alifia Mbeya, na mtu asiyemjua akampigia mama simu akamwambia hivyo hivyo, kavu, mama akiwa amesimama jikoni. Mama alianguka pale pale. Mdomo ulipinda, akalazwa, na daktari alipomruhusu alimvuta Elius pembeni: presha ile ikishtuliwa tena kwa habari kama ile, yeye hataahidi kitu. Tangu siku hiyo Elius alikuwa na hofu moja tu duniani, na aliificha nyuma ya utani mwingi.

"Mama ana simu ya kitochi," alisema. "Haioneshi picha. Na Matamba na Makambako wapi na wapi? Nikifika pale jaji akishapita, nauchomoa."

Lidia akarudisha pazia kwa nguvu.

*

Makambako iliwapokea kwa upepo wake. Upepo wa Makambako haukusalimii, unakupekua. Elius na mpwa wake Rodrick, mtoto wa binamu yake, anayefanya biashara ya viazi pale mjini, walibeba boksi kutoka stendi kama wanaobeba mayai, Lidia nyuma ameshika mfuniko kwa mikono miwili. Ukumbini waliziba madirisha, lakini mabati yaliendelea kugonga juu, na kila yakigonga wenye farasi walikuwa wanashika farasi wao.

Walipanga. Udongo, nyasi, maboga, farasi ndani ya shuka lake, kiunzi juu na mbeta yake. Mwisho Elius akachomeka msalaba. Watu walianza kujaa kwenye meza yao. Mzungu mmoja wa parachichi aliinama, akanyanyuka, akainama tena. Daktari Nelly alipita akasema neno moja tu, "Mungu wangu," na kwa Daktari Nelly hiyo ilikuwa hotuba.

"Mjomba, hii napiga," Rodrick akasema. Akapiga picha tatu. Ya farasi mzima, ya kiunzi, na moja aliyolala karibu kifudifudi kuipata: msalaba peke yake, udongo mwekundu, nyasi, na nyuma kitu cheupe kisichoeleweka. Akazituma kwenye kundi la ukoo la wasapu, akaandika: Kazi ya mjomba Elius hiyo, mnaionaje?

Kisha wakaambiwa wazime simu au waziwekee kimya, jaji anaanza.

Jaji alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani shingoni, na alikwenda kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa meza. Elius alisimama mikono nyuma. Ilibaki kama meza nne hivi kumfikia, pale aliposikia mkoba wa Lidia unanguruma. Ukanyamaza. Ukanguruma. Ukanyamaza, ukanguruma tena.

"Toka nje upokee, labda ni Jasmine," alinong'ona.

Lidia alitoka. Aliporudi, uso wake ulikuwa umekwisha damu. Hakumwendea mumewe, alikwenda moja kwa moja mezani, akauchomoa ule msalaba, akauvunja katikati na kuusokomeza mkobani.

"Mama Jasmine! Jaji yuko pale!"

"Nimepewa pole," Lidia alisema. "Shangazi yako amenipigia analia. Ameniuliza mwili uko hospitali gani."

Elius alifungua simu yake. Ilikuwa imejaa. Waliompigia walikuwa wengi kuliko siku ya harusi yake. Rodrick naye akatoa yake, na wote watatu wakaona jinsi ilivyokwenda. Kwenye kundi la ukoo picha zilikuwa tatu na maneno yake. Lakini mtu fulani alikuwa amechukua ile moja tu, ya msalaba, akaipeleka kwenye kundi la kwaya ya Matamba, ambalo Elius naye alikuwemo, bila neno hata moja. Na pale, peke yake, bila farasi na bila boga, hakuna mtu angesema kuwa msalaba ule ni wa urefu wa kidole. Lilikuwa kaburi. Jina lilikuwa lake, mwandiko ulikuwa mzuri, na tarehe ilikuwa ya leo. Chini yake pole zilikuwa zimepangana, na katikati ya pole hizo, maneno ya mwinjilisti Ebeneza wa mtaa wa Matamba: Ndugu wapendwa, tumepokea. Bibi asiambiwe na mtu kwa simu. Tunafuata utaratibu wetu.

"Utaratibu gani?" Rodrick aliuliza.

Elius alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha mtu. Utaratibu aliujua, maana uliwekwa kwa ajili ya mama yake. Baada ya yale ya Aron, mwinjilisti Ebeneza aliapa kuwa katika mtaa wake hakuna mtu atakayeuawa na simu tena. Kwanza anatumwa jirani kuichukua simu ya mfiwa kwa kisingizio chochote. Pili, wanaokwenda wanazima za kwao. Halafu wazee wanatembea kwa miguu, akina mama nyuma na kuni na ndoo za maji, wanaingia, wanakaa, wanaimba ubeti mmoja, ndipo wanasema. Ulikuwa utaratibu wa upendo mtupu. Na sasa ulikuwa unapanda kilima kwenda kwa Bibi Emilia, hauna simu, na hakuna wa kuusimamisha.

Alipiga kwa Ebeneza. Haipatikani. Alipiga kwa mzee wa kanisa. Haipatikani. Alipiga kwa mama yake, nayo ikaita.

"Haloo," sauti ya kike ikajibu, ya chini chini. Haikuwa ya mama. Ilikuwa ya Hilda, mke wa jirani, ambaye bila shaka aliiomba kwa kisingizio cha kwenda kuichaji.

"Hilda, ni mimi. Elius. Sikiliza..."

Kelele iliyotoka kule hata jaji aliisikia, akageuka. Simu ilianguka mahali pagumu. Elius alisikia kuku, akasikia miguu inakimbia, halafu hakusikia kitu. Alipopiga tena, haipatikani.

"Amedhani nini?" Lidia akauliza, ingawa alijua.

"Amedhani nampigia kutoka kaburini."

Siku nyingine yoyote wangecheka hadi wakae chini. Rodrick alijaribu kidogo, akaona nyuso zao, akameza kicheko chake.

"Andika kwenye kundi la kwaya, mjomba! Andika uko hai!"

Aliandika: Mimi Elius, niko hai, niko Makambako. Jibu lilikuja haraka kutoka kwa mtu asiyemjua: Nani anachezea simu ya marehemu? Tuheshimu msiba jamani. Rodrick akamnyanyulia kamera, akamrekodi anapunga mkono na kusema jina lake na la baba yake, akaituma kwa Ebeneza. Tiki moja. Wakaikodolea macho wote watatu. Tiki ikabaki moja. Mwinjilisti alikuwa mtu wa kushika neno lake: alisema wanazima, na walikuwa wamezima.

"Watakuwa wamefika wapi?" Lidia aliuliza.

Elius alikuwa anaiona ile njia. Wanatoka kanisani, wanapita kwenye kisima, wanaacha shamba la viazi mkono wa kushoto. Mama yake mchana hukaa mlangoni akichambua mbegu, na kutoka mlangoni njia yote inaonekana. Hahitaji kuambiwa. Akiona wazee wamevaa makoti, na nyuma yao akina mama na kuni vichwani wakati yeye hakuomba kuni, basi. Ameshaelewa, na mtoto aliye naye ni mmoja.

"Naenda," alisema.

"Kwa kupitia Chimala na zile kona zote za mlimani? Utafika wameshamaliza kulia."

"Basi nifike nao wanamaliza! Nikae hapa nisubiri utepe wa mshindi?"

Hajawahi kumpigia Lidia kelele mbele za watu. Daktari Nelly alikuwa amesimama nyuma yao, na bila shaka alisikia ya kutosha, kwa sababu alikuwa ameshika funguo za gari.

"Twende," alisema. "Njiani utaendelea kupiga."

"Na maonyesho?"

"Farasi hawa hawali majani, fundi. Watasubiri."

Walitoka mbio, upepo ukawapiga milangoni. Nyuma yao jaji alikuwa amefika mezani, ameinama mbele ya farasi mweupe na kitundu kidogo kwenye udongo, na hapakuwa na mtu wa kujibu maswali yake. Elius alikaa mbele, Lidia na Rodrick nyuma. Alipiga, haipatikani. Alipiga, haipatikani. Daktari Nelly alikuwa ndiyo kwanza anaingia barabara ya Mbeya, nyuma ya lori la mbao, pale simu ilipoita yenyewe. Juu ya kioo palikuwa na neno moja: Mama.

Hakuipokea mara moja. Katika utaratibu wa Ebeneza, anayepiga kwa simu ya mfiwa angekuwa mzee wa kanisa, na huenda anapiga kusema kuwa sasa ni misiba miwili.

"Pokea," Lidia alisema. "Baba Jasmine, pokea."

Akapokea. Alisikia watu wengi wanapumua. Halafu:

"Elius."

"Naam, mama."

Kikaja kitu kama pumzi iliyokuwa imezuiliwa tangu asubuhi.

"Nimekaa chini," Bibi Emilia alisema. Sauti ilikuwa yake, imechoka, lakini haijapinda. "Nilipoziona kuni nikaelewa. Nikasema ngoja nikae chini kabisa, kwenye udongo, nisianguke. Safari ile nilikuwa nimesimama. Nikawauliza ni nani? Mwinjilisti anafungua kitabu cha nyimbo, hanijibu. Nani mwingine ninaye mimi, wa kumuuliza ni nani? Ndipo huyu mwendawazimu Hilda anaingia anapiga yowe, Elius amepiga simu, Elius amepiga simu. Nikamwambia, kama amepiga, mbona unalia? Iwashe, nipe."

"Mama, ni makosa yangu. Nilichonga ka..."

"Sitaki kujua. Utaniambia ukifika. Unakuja?"

"Nakuja. Niko njiani."

"Hawa wazee sijawaruhusu kuondoka. Nimewaambia wakae hapo hapo mpaka wakuone kwa macho yao, nao watubu. Kwa kuni zao nimekoka moto." Nyuma yake Elius alisikia sauti nene ya Ebeneza ikisema kitu cha aibu, na mtu anamwambia ashike kikombe. Kisha mama akasogeza simu karibu na mdomo, ikawa kama wako wawili tu. "Elius. Ongea."

"Niongee nini, mama?"

"Chochote. Usinyamaze."

Elius Tweve, ambaye Njombe nzima ilimjua kwa kutokosa la kusema, ambaye aliwahi kuwachekesha hata waliokuja kuchukua jeneza, alifungua mdomo akakuta hamna kitu. Utani wote ulikuwa umebaki ukumbini. Aliangalia mbele.

"Kuna lori," alisema. "Limebeba mbao. Limefungwa vibaya, kamba imelegea."

"Ehe."

"Daktari analipita. Sasa tumelipita. Kuna duka la mabati. Kuna mama anachoma mahindi, upepo unampeleka moshi usoni, amegeuka. Kuna gesti, imepakwa rangi ya zambarau, sijui nani alimshauri. Mama?"

"Nipo. Endelea."

Nyuma yake Lidia alikuwa amejifunika uso na kitenge, mabega yanatikisika. Daktari Nelly aliendesha bila kugeuza kichwa. Elius akasogea kwenye kioo cha gari, akawa anasoma kila kilichokuja: majina ya vinyozi, bei za mbolea, bango la mkutano wa injili uliokwisha zamani. Alisoma kwa sauti, taratibu, herufi kwa herufi, kama anayeziandika. Mji ulipoanza kuisha na mabango yakawa machache, akaanza kubabaika.

"Kuna... kuna duka la mabati."

"La mabati ulishalisema," mama yake akasema. "Tafuta lingine."

"Hili ni lingine, mama. Hili lina mbuzi mlangoni."

"Wa rangi gani?"

"Mweusi. Ana baka jeupe hapa shingoni."

"Haya," akasema Bibi Emilia. "Na mbele yake?"